Jani Likilia, Liache

Mwanangu, mwambie huyo wa bodaboda asubiri, ukae kwanza. Najua jana baba yako alikusema vibaya mbele ya mkeo, kisa unataka kuacha tumbaku ukalime mpunga Kibaoni. Na leo unaenda kumalizana naye. Sawa. Ila mimi shangazi yako nimekumbuka mchana mmoja wa ujana wetu.

Moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, ulikuwa umezimwa, majani yamekauka vizuri kwenye fito, rangi ya kutamanisha. Baba yako, kaka yangu huyohuyo, hakuwa na subira hata ya chai. Jua linawaka, yeye akaingia kushusha. Ufito wa kwanza tu, majani yakampukutikia mikononi. Jasho la msimu mzima lile! Nililia.

Mama yetu hakufoka. "Nyie, tokeni humo. Leteni maji." Akamwaga ndoo nzima kwenye sakafu ya udongo, akafunga mlango ili unyevu uyapate majani usiku kucha.

Kulipopambazuka alinipa jani nilikunje. Likakunjika kama kanga. Nikashangaa, maana ni tumbaku ileile! Nikaanika jingine juani, na lilipokauka nikalikunja. Tak! Ngozi yake ya juu ikapasuka, ufa ukakimbia mpaka kwenye mshipa, ukasimama hapo.

"Mama, nguvu yake imeenda wapi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi najua kulisikiliza tu. Ukilikunja likalia, liache."

Tukashusha tumbaku yote iliyobaki, salama. Tangu siku hiyo kila jani nalipima, wajukuu wananicheka. La mgomba huchanika kwa kufuata mistari yake, la mwembe likikauka hukatika popote. Kwa nini? Sijapata wa kunijibu, na bado natamani kujua.

Sasa sikia, mwanangu. Baba yako leo amekauka. Ukimkunja leo atavunjika, nawe utabaki kuokota vipande vya baba. Naogopa hilo kuliko kitu chochote. Lala hapa kwangu. Kesho alfajiri nenda ukamsaidie kushusha tumbaku, na Kibaoni usiitaje mpaka yeye mwenyewe akupe jani ulipime.

Mungu ailainishe mioyo yenu wote wawili, na mpunga wako ujae ghala. Haya, mwambie kijana wa bodaboda aende zake.