Rimu ya Nne

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilikuwa na brashi ya waya mkononi na wimbo wa kwaya kichwani, na nikachagua wimbo. Wewe leo unataka kufunga matairi mwenyewe hapa hapa uani. Sikukatazi. Ila kaa kwanza nikuambie, na usinikatize, maana nikinyamaza katikati sitaanza tena.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mimi na marehemu mume wangu Bwambale tulikuwa na pikapu kuukuu, tukibeba chumvi kutoka Kabatoro mpaka soko la Bwera. Chumvi, wee! Inadondoka, inayeyuka, inaingia kwenye rimu, vile vyuma vya magurudumu, na kuzitafuna polepole. Na mvua zikianza, barabara za Munkunyu zinageuka uji. Kwa hiyo tulinunua matairi manne ya matope, yale yenye meno makubwa. Kuyapeleka kwa fundi, Bwambale hakutaka hata kusikia. Mikono yake ilikuwa na sifa. Watu walitoka hata Bwera kumletea magurudumu yao.

Kazi tuligawana. Mimi nilisugua rimu, yeye akavalisha tairi kwa vyuma viwili na maji ya sabuni. Alikuwa akiniambia kila mara, "Mama Baluku, pale ndani, pale mdomo ya tairi inakaa, sugua mpaka chuma icheke. Kutu ikibaki, upepo itatoka."

Rimu tatu nilizisugua hivyo, mpaka vidole vikachubuka. Ya nne nikaitazama, nikalitazama jua. Mazoezi ya kwaya yalikuwa saa kumi na moja, mimi ndiye mwanzishaji wa sauti, na nilikuwa na gomesi mpya, gauni la sherehe, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiona. Basi nikasugua upande unaoonekana tu. Kule ndani nikapaka rangi ya fedha juu ya kutu yote. Ikang'aa kuliko zile tatu.

"Iko tayari?" akauliza.

"Iko tayari."

Hakuikagua. Angeikagua kwa nini? Mimi ni mke wake. Akavalisha tairi, akajaza upepo, akamwagia maji ya sabuni kutafuta pa kuvuja, na povu halikutoka, maana rangi ilikuwa imeziba. Nikaenda kuimba. Na niliimba vizuri, Mungu anisamehe.

Kesho yake asubuhi mume wa Biira, jirani yetu wa kule juu mlimani, alikuja mbio. Biira alikuwa na uchungu tangu usiku na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Tukapanda kumchukua. Kushuka, mimi nilikaa nyuma nimempakata kichwa. Barabara ilikuwa mawe na matope, gari linarukaruka, na kwenye kona moja mbaya nikasikia gurudumu linapumua. Tairi likachomoka kwenye rimu, gari likateleza mtaroni. Tairi la akiba hatukuwa nalo. Wanaume wa nyumba za karibu wakaleta machela, wakamweka Biira, wakaenda naye kwa miguu. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika kituo cha afya, na hakulia.

Bwambale alibaki na gari, na mimi nikabaki naye. Akalivua lile tairi. Akapitisha kidole gumba ndani ya rimu, kikatoka na magamba ya kutu yenye rangi ya fedha. Akanitazama. Kisha akakifuta kidole kwenye suruali.

Watu walisema, ee, walisema! "Nani alifunga hii tairi? Mafundi wamejaa Kasese, yeye anajifanya anajua!" Yeye akajibu, "Nilifunga mimi. Mikono ni yangu." Nilikuwa nimesimama karibu kama wewe ulivyo sasa.

Tangu siku ile hakuna aliyemletea gurudumu tena. Hata magurudumu yetu aliyapeleka mjini, akasimama mikono nyuma akitazama vijana wakifanya kazi aliyoijua kuwashinda. Rimu ile aliiweka karibu na mlango wa jiko, upande wa kutu juu. Hakuitupa. Jioni moja akaniuliza taratibu, "Mama Baluku, uko na neno?"

"Sina," nikasema.

Hakuuliza tena mpaka alipokufa. Alikuwa amenifungulia mlango, mwanangu, na mimi nikaurudisha.

Siku ya mazishi Biira alisimama mbele ya watu, machozi yanamtoka, akasema, "Bwambale, mutoto wangu nilimulilia sana. Lakini mikono yako nimeisamehe." Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia. Amina! Mdomo huu huu!

Wiki ile sikulala. Mwishowe nikapanda mlima mpaka kwa Biira, nikamwambia yote, kuanzia brashi mpaka gomesi. Halafu akauliza, "Yeye alijua?" Nikasema alijua. Akaingia ndani, akafunga mlango. Mpaka leo tunasalimiana njiani, basi. Nimemrudishia mume wangu jina lake, lakini yeye hakuwepo kulipokea.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kazi ikikushinda katikati, sema imenishinda, nimefika hapa. Usipake rangi. Na kama ulishapaka na mwingine anabeba lawama yako, sema wakati angali ana masikio ya kusikia. Nilidhani aibu itapungua nikingoja. Haikupungua, mwanangu, ilinikalia mlangoni pa jiko miaka yote.

Mungu akupe mikono ya kuaminiwa, akupe na mdomo usiochelewa kama wangu. Akufikishe salama wewe na kila utakayembeba. Haya, lete hizo rimu na brashi. Ya nne nipe mimi.