Hezron na Watu Wasiotaka Kurusha Mbele

Hezron alikuwa amechoshwa na hawa watu mpaka basi. Siku za kazi alikuwa fundi wa AC huko Al-Safa, Jeddah. Ijumaa alikuwa kocha wa timu ya Wakenya waliocheza mpira wa Kimarekani. Ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, ilikuwa inaisha, kafili aliyemdhamini ameshakataa kuiongeza, na kabla ya kupanda ndege alitaka kitu kimoja tu: kuwafunga timu ya Riyadh, waliokuwa wakiwachapa kila mwaka.

Shida, vijana wake wote walikulia kwenye raga. Katika raga, kuurusha mpira mbele ni kosa, na kuudaka ukiwa mbele ya aliyeurusha ni kosa pia. Katika mpira wa Kimarekani, hiyo ni nusu ya mchezo wenyewe. Hezron alieleza mpaka koo likamkauka: kimbieni nao, walinzi wajazane kuwazuia, halafu urusheni juu ya vichwa vyao umfikie mtu aliye peke yake. Mkikimbia tu, watawangoja. Mkirusha tu, watawangoja vilevile. Wanaitikia ndiyo kocha, ndiyo kocha, kisha Derrick, mgawaji wa mpira, anaukumbatia na kujitosa kwenye ukuta wa watu. Jamani, hivi wana masikio kweli?

Siku ya Riyadh ikawa yaleyale. Hezron anaagiza kurusha, Derrick anakimbia. Anaagiza tena, anakimbia tena. Riyadh walikuwa mbele kwa pointi chache tu na muda unayoyoma. Hezron akaomba mapumziko, akamkamata Derrick jezi.

"Ukikimbia tena, mimi na wewe tusijuane."

Derrick akarusha. Walinzi walishazoea mbio zake, wote wamejazana mbele. Mpira ukawapita juu, ukatua mikononi mwa Onesmus, peke yake kabisa, mstari wa kufungia uko pale. Hezron alishaanza kurukaruka.

Onesmus akasimama. Akauweka mpira chini taratibu, akainua mkono kumwomba radhi mwamuzi. Filimbi haikulia, mpira ulikuwa bado unachezwa. Mtu wa Riyadh akauokota, akatoka nao mbio mpaka upande wa pili. Halas, mechi imekwisha.

Hezron alimwendea Onesmus kwa hasira, akamuuliza kama ana akili timamu. Onesmus, ambaye Hezron mwenyewe alimfundisha raga shuleni kule Kakamega, alikuwa karibu kulia.

"Mwalimu, nilikuwa mbele ya mpira," alisema. "Si ulikuwa ukinichapa kwa hilo?"

Kweli, Hezron alikuwa amemchapa sana.