Mama, bokilo yake na muto Nyamukau

Leo ndoa yangu ilitaka kufa kando ya muto Nyamukau.

Mimi na Mama tulikuwa tunamwangia mboga yetu ya lengalenga maji. Gari ya kamyo ikafika, ikaanza kumwanga matofali, briki za kuvunjika, ndani ya muto. Patron fulani anataka kujaza pale, ajenge nyumba.

Mama yangu munamujua.
Akatupa ndoo: "Weye shofere, shuka!"

Shofere akashuka.
Ni muchumba wangu! Ule alikuya kujionyesha kwetu siku ya misa, dimanshi iliyopita, na shati, shimizi nyeupe.

Sasa, siye batu ya Mahagi, mama hawezi kuongea na bokilo, mume wa binti yake, uso kwa uso. Ni haya kubwa. Mama akamupa mugongo mbio-mbio, akajifunika kikwembe. Nikasema kelele imeisha.

Imeisha wapi!

Akaanza kuongea na muto:
"Nyamukau, pole. Kuko muntu anataka kuoa binti yangu, na anakutupia briki kwa kichwa. Batoto yake watakula nini?"

Naye, kichwa chini, akajibu muto:
"Nyamukau, unisamehe. Patron atanifukuza, lakini naziondoa zote."

Akaingia maji mupaka magoti, akatosha briki inje moja moja. Mimi nacheka, nalia.

Kwa mwisho Mama, bila kugeuka:
"Nyamukau, ambia bokilo yangu apite nyumbani, chakula ya sombe iko tayari."

Munasikia? Si "muntu" tena. Bokilo yangu!

Sasa munishauri: siku ya ndoa, Nyamukau itaikala upande ya muke ao ya mume?