Bata wa Nyuma ya Kochi

Sasa naweza kusema: bata wa shangazi yangu walikuwa wakilala saloni kwangu, chumba cha wageni, nyuma ya kochi. Nilikana jambo hilo mbele ya majirani, mbele ya padri, hata mbele ya mume wangu aliyekuwa akiwasikia usiku kucha. Mwanamke aliyemaliza chuo kikuu hafugi bata karibu na vitabu vyake. Lakini shangazi alikimbia vita vya kwao Djugu na kikapu kimoja tu, na ndani ya kikapu alikuwemo bata jike. Vitu vingine vya kwao viliungua. Hawa bata wa sasa ni watoto wa yule, na nje wangeibwa.

Kisha mimi na shangazi tukashikwa na homa na kikohozi. Huko Tchomia, kando ya ziwa, bata wa watu walikuwa wakifa, na majirani wa avenyu yetu hawakuhitaji habari zaidi ili kusema ni mafua ya ndege. Waganga wa hospitali walituingiza vijiti puani. Wakauliza bata wanalala wapi. Nikasema uani.

Maabara ya Bunia ikajibu kwamba tuna virusi vya mafua vya aina A. Mashine yao huzidisha vijipande vya virusi mpaka vionekane, kama avenyu yetu inavyozidisha uvumi. Ila aina A wanayo watu, na ndege pia. Kutofautisha kulitaka kipimo cha pili, na dawa za maabara za kukifanya zilikuwa bado Kinshasa.

Shefu wa avenyu hakuingoja Kinshasa. Alifika na panga, akasimama mbali kidogo na kikohozi changu.

“Mama, weye ulisoma sana, lakini bata haikusoma. Tuiue leo.”

Shangazi alikuwa ameketi, kikapu kikiwa mapajani.

“Kipimo kikisema ni ya ndege, nitakushikia bata mimi mwenyewe,” nikamwambia. “Kabla ya pale, hakuna mutu atagusa.”

Nikafunga mlango. Tukajifungia ndani sote, wenye manyoya na wenye diploma, tusimwambukize mtu.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa maabara ya Bunia.

“Ni H3, gripi, mafua ya watu. Haiko ya ndege.” Nikamgeukia shangazi, nikatikisa kichwa kwamba hapana, si ya ndege. Akakumbatia kikapu. Mama wa maabara akauliza: “Lakini hizo kelele karibu yako ni za nini?”

“Ni bata,” nikasema. “Wanalala hapa.”