Kanisa Lilipotafuta Mahindi Yaliyoota

Mama Gertrude wa Mudzipela, mtaa wa mji wa Bunia, hakuwahi kupika kaikpo, ile pombe kali ya muhogo. Yeye aliotesha mahindi tu. Aliyalowesha, akayafunga katika majani ya migomba mpaka yatoe mizizi, kisha akayaanika na kuwauzia wapikaji wa mtaa mzima. Bila mahindi hayo muhogo hubaki uji. Yakitwangwa na kutiwa ndani, huugeuza kuwa sukari, na sukari ikishapatikana pombe haiko mbali.

Komite ya nidhamu ya kanisa lake ililijua jambo hilo. Vita vilipokuwa bado vya vijiji vya mbali, ilimwita. Wapikaji haikuwaita, maana walikuwa wengi na wengine walikuwa wake wa wanakomite. Muuza mahindi alikuwa mmoja, tena mjane.

“Ukitaka kukausha muto, unafunga pale unaanzia,” alisema Muzee Baudouin, prezida wa komite.

“Mi nauzisha mahindi, muzee. Mahindi nayo iko dhambi?”

Wakamweka chini ya adhabu. Hakuna Meza ya Bwana, hakuna kuimba na wamama wa kwaya, na akifa, atazikwa bila mchungaji wala wimbo. Gertrude alitoka akicheka, akaenda kulowesha mahindi mengine.

Kisha vita viliingia Bunia. Karibu na nyumba yake vijana wenye silaha waliweka bariera, kizuizi cha barabarani, na kila asubuhi waliletewa kidumu cha kaikpo kutoka kwa Honorine, mteja wake wa siku nyingi. Siku moja walikunywa mpaka wakaanza kuimba, wakaondoka, na jioni nyumba za upande wa pili zilikuwa majivu. Kahindo, jirani aliyezoea kuja kwa Gertrude kuomba kaa la moto, alikutwa amekufa mlangoni pake.

Tangu siku hiyo Gertrude hakuuza tena. Gunia lake la mwisho lilibaki pembeni, limefungwa. Alitaka jambo moja tu: asimame mbele ya komite, aseme kosa lake, asamehewe na kurudishwa, kabla risasi haijamkuta akiwa nje ya kanisa. Alituma ujumbe. Komite ikajibu kwamba ina kazi nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Njia ya Komanda ilikuwa imekatwa, petroli imekwisha, na jenereta ya kanisa imenyamaza. Mikro, kipaza sauti cha mimbarani, haikuwaka. Watu walikuwa wakifa mjini, lakini kilichowanyima wazee usingizi ni mahubiri yasiyosikika mpaka sokoni. Ndipo shemasi Lionel alipogundua kwamba jenereta inakubali kaikpo iliyopikwa na kupikwa tena mpaka maji yatoke. Wazee walifurahi, kisha wakaona haya. Kanisa kununua pombe haiwezekani. Kanisa kujipikia mafuta katika ua wa mchungaji, hilo halikuandikwa popote kwamba ni dhambi. Walikosa mahindi yaliyoota tu, na waliokuwa wakiyauza wote walikuwa wamekimbia, isipokuwa mmoja.

Wakamwendea, Biblia mkononi.

“Karibuni, bawazee,” alisema Gertrude. “Vizuri mumekuja. Niko na neno ya kuungama.”

“Acha kwanza, mama,” alisema Baudouin. “Tuliangalia tena maneno yako. Hauna kosa. Mahindi iko mahindi.”

“Si weye ulisema muto unaanzia kwangu?”

“Ule ulikuwa muto wa pombe. Huu iko wa mafuta.”

Lionel alicheka. “Mashini haitukane mutu, mama. Inakunywa na inafanya kazi. Wangapi hapa Mudzipela wako hivyo?”

Gertrude hakucheka. “Batoto ya bariera walikunywa mahindi yangu, wakaenda kuua Kahindo. Mi nataka munisamehe.”

“Tusamehe nini, na kosa haiko?” Baudouin alishapoteza subira, jicho lake likiwa kwenye gunia. “Siku ya Mungu tunakurudisha. Weye utupe tu ile.”

Alichokuwa akikililia kilikuwa mbele yake, na bei yake ilikuwa kunyamaza.

“Munanirudisha sababu ya mahindi,” alisema. “Mi nilitaka munirudishe sababu ya dhambi.”

Akalikokota gunia. Wazee wakatabasamu, wakasogea kumpisha. Akawapita, akavuka ua, akalimwaga lote mbele ya nguruwe wake.

Jumapili ile mikro haikuwaka. Baudouin alipiga kelele mimbarani mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Saa ya ushuhuda ilipofika, Gertrude alisimama kwenye benchi la nyuma, akasema yote: mahindi, kidumu, Kahindo. Hakuinua sauti, na kila mtu alisikia. Honorine aliinamisha kichwa.

“Ikaa, mama,” alisema Baudouin. “Hii haiko mu programu.”

Gertrude alimaliza kwanza. Wazee wakanong’onezana palepale, kisha prezida akatangaza kwamba adhabu yake inaongezwa, kwa kosa la kukataa kusaidia kazi ya Mungu. Hivyo mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa kuuza mahindi, na tena kwa kutoyatoa, na komite ileile, bila aibu.

Mama Régine, mkubwa wa kwaya, alisikiliza tangazo mpaka mwisho. Kisha akaondoa mfuko wake kwenye benchi, akawasukuma wenzake kwa kiuno.

“Sogeeni huko. Gertrude, kuya hapa. Sauti ya pili imepunguka.”