Mayai ya Trauti Yaliyoharakishwa

Rwezaura wa kijiji cha Ndama, Karagwe, alikuwa fundi wa kuivisha ndizi za pombe. Mpe mkungu mbichi, ataufukia kwenye shimo lenye joto, ataufunika kwa majani ya mgomba, na siku ya tano unakamua. Kwa ufundi huohuo, mwaka 1951, akakabidhiwa mayai elfu mbili ya samaki.

Samaki hao waliitwa trauti, wa nchi za baridi. Bwana mmoja Mzungu wa boma la serikali alitamani kuwavua Jumapili kama kwao. Samaki wetu hawakumtosha. Mayai yaliletwa yakiwa ndani ya barafu, yakawekwa kwenye trei nne katika chemchemi ya msituni. Rwezaura akaachiwa kipimajoto na amri moja: maji yasipate joto. Faida yake ilikuwa tamu, maana mlinzi wa mayai hachimbi barabara. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kuumizwa na jembe la serikali misimu mitatu, na aliogopa msimu wa nne kuliko alivyoogopa kifo.

Jumatatu moja Bwana akaja mbio. Mkubwa wake atafika Jumamosi, naye anataka kuona samaki wakiogelea.

"Yataanguliwa lini?"

"Baada ya wiki mbili, Bwana."

"Mimi nimesema Jumamosi." Akamtazama Rwezaura kama mtu anayechagua jembe.

Basi fundi akarudi kwenye ufundi wake. Alibeba trei hadi nyumbani, akaziweka kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, akaongeza maji ya moto kidogo kidogo. Mkewe, Kokubanza, alitia mkono majini, akaguna.

"Baba Deodatha, hawa wamezoea baridi. Unawatoa tumboni kabla ya wakati."

"Mama Deodatha, kibichi ni kibichi. Joto litakiivisha."

Kokubanza alichukua trei moja, akairudisha chemchemini bila kuomba ruhusa.

Alhamisi mayai yakaanguliwa, na Rwezaura alicheza ngoma peke yake. Jumamosi vifaranga walikuwa wamepinda migongo, wakitweta katika maji ya uvuguvugu, na kabla mkubwa hajashuka garini wote walikuwa wanaelea. Bwana aliandika kwamba maji ya Karagwe hayafai kwa trauti. Akapandishwa cheo, akahamishwa.

Wiki mbili zilipotimia, trei ya Kokubanza ikaanguliwa. Walitoka polepole, wamenyooka, wakiogelea kinyume cha mkondo. Rwezaura aliwatia wachache chunguni, akakifunga kwa majani mabichi ya mgomba, akaenda boma alfajiri.

"Shikamoo mzee," karani Egbert alisema.

"Marahaba. Samaki wapo hai, mwanangu. Nirudishe kwenye ulinzi."

Egbert alichungulia chunguni, kisha akachungulia faili. "Mzee wangu, hapa imeandikwa Karagwe haina trauti."

"Na hawa?"

"Hao hawamo." Akampa jembe, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Barabara aliyopangiwa ilikuwa ya kupeleka magari ya wageni chemchemini, kutazama samaki. Amri ya kuichimba ilitolewa zamani, na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Rwezaura aliichimba miezi saba.