Diski ya Sadoki

Mume wangu Sadoki ni mgumu wa kichwa. Nalisema hapa kama ninavyolisema mbele yake, naye hujibu, "Sawa, Mama Joyce," kisha anaendelea na ugumu wake. Anatengeneza kompyuta hapa Kaloleni, kwenye chumba chetu cha mbele. Nyuma ya pazia ndiko tunakolala. Wateja wanamsifu eti ana subira. Subira gani? Ya mashine anayo, ya ndugu yake hana hata tone.

Ndugu mwenyewe ni kaka yake, Abdiel, anayekaa kwenye shamba la ukoo huko juu ya Tengeru. Baba yao alipofariki, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu. Migomba na kahawa viligawanywa bila kelele. Kelele zikaja kwenye kompyuta kuukuu ya mzee, ambayo Sadoki aliiwekea Windows mpya na kuiongezea diski ya pili, aliyoinunua mwenyewe. Wazee wakasema kompyuta ni ya Abdiel, mtoto wa kwanza. Sadoki akaona amedharauliwa. Akatoa bisibisi palepale uani, watu wakiwa bado na sahani mikononi, akachomoa diski yake. Abdiel akamwambia ataiua mashine ya baba. Sadoki akaapa mbele ya wazee kwamba diski ile ni tupu, na kama anasema uongo asikanyage tena uwanja ule. Jamani, kwa diski! Mimi Mchaga wa Kibosho nimeona watu wakigombania vihamba, mashamba ya urithi, lakini hilo lilikuwa jipya kwangu.

Toka hapo kompyuta haikuwaka, na Sadoki hakupanda tena nyumbani kwao. Diski aliitupa kwenye droo bila kuigusa.

Wiki iliyopita akaja Penina, mke wa Abdiel, kompyuta kaifunga kwenye kitenge.

"Shemeji," alimwambia, "Prisca anaolewa Jumamosi. Unajua babu yake alimrekodia baraka humu, alipojua hatafika siku yenyewe. Mtoto amegoma. Anasema hatoki nyumbani mpaka aisikie. Abdiel anadhani nimepeleka kwa fundi mwingine."

Sadoki akaiwasha. Feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja mweupe ukisema haioni diski ya kuwashia. Akaizima, akaiwasha, yaleyale. Penina alipoondoka, akaichomoa diski iliyobaki humo akaisoma kwenye mashine yake. Windows ilikuwepo. Baraka haikuwepo, wala ile sehemu ndogo inayoamsha kompyuta. Nikamwona anaitazama droo, kisha anatazama pembeni haraka.

Basi akaanza kuhangaika. Akafuta RAM kwa kifutio, akabadilisha betri ya ndani, akabadilisha nyaya. Kesho yake akarudia yote toka mwanzo. Kompyuta ilikuwa juu ya meza tunayolia chakula, kwa hiyo tulikula sahani zikiwa magotini, na kila ikiwashwa ule mstari mweupe ulikuwa unanitazama mimi. Nilichoka. Chumba kilinibana, hasira zikanibana, na huwezi kutoka nje ukamwambia jirani kwamba mumeo anaogopa droo.

"Sadoki, iunganishe ile diski."

"Haina kitu."

"Kama haina kitu unaogopa nini?"

Akaweka bisibisi mezani. Halafu akaniambia. Fundi makini huchomoa diski nyingine kabla ya kuweka Windows, la sivyo sehemu ya kuamshia inaweza kukaa diski hii na Windows yenyewe diski ile. Siku alipomwekea mzee Windows alikuwa na haraka, hakuchomoa.

"Kwa hiyo niliapa uongo, Hedwiga. Mbele ya wazee wote."

Akafungua droo, akaiunganisha. Kompyuta ikawaka mara moja, na picha ya mzee na ng'ombe wake ikatokea kwenye kioo. Machozi yalinitoka. Faili la baraka lilikuwa kwenye diski ya Sadoki.

Unadhani alifurahi? Akachukua flashi. "Nanakili sauti hii, na ile sehemu ya kuamshia naihamishia kwenye diski ya kaka. Penina akija achukue. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," nilisema.

"Wewe ni mke wangu."

Hapo nikajiona nimefungwa naye kamba moja. Nikimtaja, nimemvua nguo mume wangu mbele ya ukoo. Nikinyamaza, naula uongo wake maisha yangu yote. Nikasema angalau tusikilize kama sauti ni nzima.

Mzee alikohoa kwanza. "Prisca, mjukuu wangu. Siku ukitoka, baba yako Abdiel akushike mkono wa kulia, na baba yako mdogo Sadoki wa kushoto. Wakufikishe barabarani wote wawili. Akikosekana mmoja, rudi ndani ukae, uwasubiri."

Sadoki akaiweka flashi chini.

Ijumaa mchana tulipanda Tengeru, kompyuta ikiwa na diski zote mbili. Kwenye uzio wa shamba akakata jani la isale. Kwao, kama kwetu, mwenye kosa akikuletea isale huwezi kumfukuza. Hata hivyo alisimama nje ya geti, hakukanyaga uwanja. Abdiel akatoka jikoni kwa wapishi, akatuona.

"Kaka, shikamoo. Diski haikuwa tupu. Niliapa uongo."

Abdiel hakuitikia. Aliliangalia lile jani muda mrefu. Akalipokea.

"Marahaba. Ingia."

Prisca alisikiliza baraka yake akiwa amemkumbatia mama yake. Ilipokwisha, Sadoki akashika bisibisi, macho chini.

"Kaka, naweza kuhamishia kila kitu kwenye diski yako, iwe inawaka bila ya kwangu."

"Halafu yako uichukue uende nayo?"

"Ndiyo."

"Basi usihamishe," Abdiel alisema. "Funga hivyohivyo."